Trekta Linachemsha au Linakula Maji?

Dereva wangu alikuwa na dumu la lita 20 kalifunga kwa mpira wa tyubu nyuma ya kiti cha trekta. Mwanzoni nilidhani ni maji ya kunywa. Siku nilipokaa shambani asubuhi nzima ndipo nikaona kazi yake: kila baada ya raundi nne au tano za haro, lile jembe la sahani linalovutwa na trekta, alikuwa anasimama, anasubiri, anafunika kifuniko cha rejeta, tanki la mbele linalopoza maji ya injini, kwa gunia lililolowa, anakilegeza kidogo kidogo mpaka mvuke uishe kufoka, anajaza maji, anaendelea. Nilipomuuliza, akanijibu bila wasiwasi wowote: "Hili linakula maji kidogo tu, bosi."

Ilikuwa Kiteto, mkoani Manyara, mwezi Desemba, mvua ya kwanza imeshapiga na kila mtu anataka kulimiwa siku ileile. Msimu huo gasketi ya silinda hedi, ile karatasi ya kuziba kati ya injini na kichwa chake (hedi), iliungua mara mbili. Mara ya kwanza fundi akabadilisha gasketi, akalipwa, tukaagana vizuri. Wiki mbili baadaye, moshi mweupe, maji yanatoka kwa kububujika, tumerudi palepale. Akasema gasketi niliyonunua ni feki. Inawezekana, maana gasketi feki zimejaa madukani. Ila hakuna aliyejiuliza kwa nini ile ya kwanza kabisa, iliyokaa humo miaka, iliungua.

Kuna magonjwa mawili hapa, na kila moja huvaa nguo za mwenzake. Trekta likipungukiwa maji litachemsha, kwa sababu hakuna cha kubeba joto. Trekta likichemsha litapungukiwa maji, kwa sababu yatatoka kwa mvuke na kumwagika kwenye mpira wa kutolea hewa. Ukifika wewe mwenye mali, au fundi aliyepigiwa simu, unakuta yote mawili yameshatokea: injini ya moto na rejeta tupu. Swali la kwanza kwa dereva lisiwe "limeharibika nini?" Muulize kilianza kipi. Mshale wa kipimo cha joto ulipanda maji yakiwa yamejaa, au maji yalikuwa yanapungua siku nyingi hata kabla mshale haujapanda? Jibu hilo linaokoa hela nyingi kuliko spana yoyote.

Tuanze na la kuchemsha. Trekta langu ni Massey Ferguson 290, injini yake Perkins ya silinda nne, lita 4 na ushei. Matrekta ya namna hii yamezeekea kwenye mashamba yetu na bado yanadai kazi. Ukichoma dizeli ndani ya injini kama hiyo, karibu theluthi moja tu ya joto lake hugeuka kuwa nguvu ya kuvuta. Theluthi nyingine hivi hutoka na moshi. Sehemu kubwa ya iliyobaki lazima ibebwe na maji kutoka kwenye kuta za silinda na kwenye hedi, ipelekwe kwenye rejeta, na hewa iichukue. Kwa hiyo trekta linapopiga haro kwenye udongo mzito, rejeta inatakiwa kutupa nje joto linalokaribia kulingana na nguvu yenyewe inayovuta haro. Kikikwama kitu kimoja kwenye safari hiyo ya joto, maji yatachemka hata kama hakuna tone linalovuja.

Kuchemka kwenyewe kunategemea mahali ulipo. Dar es Salaam maji huchemka kwenye nyuzi 100. Dodoma mjini, mita kama 1,100 juu ya usawa wa bahari, yanachemka kwenye 96 hivi, na Njombe kwenye 93 au 94. Ndiyo maana kifuniko cha rejeta kikawekewa springi: kinafungia presha ndani, na presha inasukuma kiwango cha kuchemka juu. Kifuniko cha presha ya pauni 7 kwa inchi ya mraba, kama vilivyo vya matrekta mengi ya zamani, kinaongeza nyuzi 11 au 12. Sasa fikiria thamostati, ule mlango unaoruhusu maji kwenda kwenye rejeta yakishapata moto, inayoanza kufunguka kwenye 82, na trekta liko Dodoma na kifuniko ambacho mpira wake umepasuka. Limebakiwa na nyuzi 14 tu kati ya joto la kawaida la kazi na kuchemka. Mimi nimeona vifuniko vya gari dogo vilivyolazimishwa, na kimoja kilichochongwa kwa mti na kuvishwa kipande cha tyubu. Mwenye trekta lile alikuwa analalamikia pampu ya maji.

Baada ya kifuniko, angalia hewa. Feni ya trekta inavuta hewa kutoka mbele, ikipita kwenye mapezi ya rejeta kuja kwenye injini, na hewa ya shambani ina makapi, mbegu za majani na vumbi la alizeti. Vinanasa mbele na katikati ya mapezi, na ukiwa umesimama mbali unaona rejeta safi. Weka taa upande wa feni uchungulie kwa mbele. Pasipopita mwanga hapapiti hewa. Kuosha ni kutoka upande wa feni kuelekea mbele, yaani kuutoa uchafu ulikoingilia, na kwa maji yasiyo na nguvu nyingi. Ile mashine ya kuoshea magari italaza mapezi yote kama majani yaliyopitiwa na ng'ombe.

Feni nayo ina kituko chake. Ukiifunga kinyumenyume, sura ya mbele ikaangalia nyuma, hewa itaendelea kwenda upande uleule, ila kidogo. Kwa hiyo fundi akiweka mkono anasikia upepo na kuridhika. Mkanda wake ukilegea ni vilevile: feni inazunguka, lakini haifikishi kasi, na pampu ya maji inayoendeshwa na mkanda huohuo inazembea pia. Bonyeza katikati ya mkanda kwa dole gumba. Ukizama zaidi ya sentimita moja na nusu, kaza.

Halafu kuna mpira wa chini wa rejeta, ambao unawatesa watu sana. Uko upande ambao pampu inanyonya. Ukizeeka na kulainika, au ule waya wa springi ulioko ndani ukioza, mpira unajibana kwa kunyonywa pale injini inapopandishwa mwendo. Trekta likisimama likinguruma taratibu mpira unarudi kuwa duara na kila kitu kinaonekana kizima. Mtu mmoja apandishe mwendo, mwingine auangalie mpira kwa macho. Dakika moja inatosha.

Hapo ndipo swali la pili kwa dereva linapokuja: linachemsha likifanya nini? Likichemsha kwenye kazi nzito tu, lakini likivuta tela tupu barabarani liko sawa, basi mzunguko upo ila hautoshi: rejeta imeziba nje au ndani, mpira wa chini unajibana, mkanda umelegea, au pampu ya dizeli imepangwa vibaya na injini inachoma mafuta kuliko kawaida, na hapo utaona na moshi mweusi. Likichemsha hata likiwa limesimama bila mzigo, angalia thamostati iliyokwama, pampu ya maji iliyokufa, au maji yenyewe kuwa pungufu. Na kama presha inapanda dakika ya kwanza tu baada ya kuwasha asubuhi, injini bado ya baridi unaweza kuishika, rejeta haihusiki kabisa. Hiyo ni hewa ya mlipuko inayoingia kwenye maji. Nitairudia.

Thamostati inastahili maneno machache, kwa sababu huku kwetu ndiyo mshtakiwa wa kwanza. Fundi akifika anaing'oa na kuitupa porini, "tusiwe na mambo mengi". Yangu niliikuta kwenye boksi la vifaa, nikaenda nayo nyumbani. Nikaifunga uzi, nikaining'iniza ndani ya sufuria ya maji jikoni, na kile kipimajoto tunachotumia kwenye maziwa. Kwenye 70 imefunga. Kwenye 80 imefunga. Ilipogonga 82 ule mdomo wa shaba ukaanza kujitenga polepole, na kabla maji hayajachemka ulikuwa wazi kabisa. Nzima, na ilikuwa imefukuzwa kazi kwa kosa lisilo lake. Injini ya dizeli bila thamostati inafanya kazi ikiwa baridi mno: mafuta hayaungui yote, mengine yanaosha oili kwenye kuta za silinda, na pistoni zinalika. Juu ya hapo, kwenye injini ambazo thamostati ikifunguka ndiyo huziba njia ya mkato ya maji, ukiitoa maji ya moto yanazunguka ndani kwa ndani bila kufika kwenye rejeta. Unaondoa thamostati ili lisichemshe, linachemsha zaidi.

Sasa la kula maji. Kabla hujaamini kwamba linakula, hakikisha halitemi tu. Matrekta ya zamani hayana chupa ya akiba. Maji yakipata moto yanavimba, na yakiwa yamejaa mpaka mdomoni hayana pa kwenda ila nje. Yatatoka, kisha yatulie vidole viwili hivi chini ya shingo ya rejeta na kukaa hapo. Dereva mwenye bidii akiona yamepungua anajaza tena mpaka mdomoni, yanatoka tena, na mwezi mzima mnasema trekta linakula maji. Jaza, fanya kazi siku moja, weka alama, usiguse. Yakibaki kwenye alama siku ya pili na ya tatu, huna ugonjwa.

Yakizidi kushuka, yanakwenda sehemu moja kati ya tatu: nje, kwenye oili, au kwenye silinda. Nje ndiko kwa kuanzia, kwa sababu ni rahisi, na uvujaji huwa unaacha nyayo, ukoko mweupe au wa kutu pale maji yalipokaukia. Tazama chini ya pampu ya maji, kuna kitundu kidogo kimewekwa makusudi. Kikidondosha, sili ya pampu imekwisha. Usikizibe, kile ndicho kinachokuambia. Tazama vile vifuniko vya bati vilivyobanwa ubavuni mwa bloku, yaani mwili wa injini, vinaoza kwa ndani. Tazama pia alfajiri kabla ya kuwasha, kwa sababu kuna mivujo ya baridi: mpira ukipoa unasinyaa, klampu inalegea, maji yanadondoka usiku, na injini ikipata moto panajiziba. Ukija saa nne asubuhi na tochi yako hupati kitu.

Kwenye oili, kila mtu anajua dalili: chai ya maziwa kwenye dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili. Lakini maji kidogo hayafiki kuwa chai. Njia nzuri zaidi ni kuliacha trekta lilale, asubuhi ulegeze nati ya kumwagia oili polepole bila kuitoa. Maji ni mazito kuliko oili, yanakaa chini, yatatangulia kutoka. Ukiwa na shaka, dondosha tone la oili kwenye bati la moto. Likitoa mlio wa kukaanga, lina maji. Ila usikimbilie kufungua hedi kabla hujaangalia bomba la moshi. Matrekta mengi bomba lake limesimama wima, na kile kifuniko chake kilishapotea zamani. Likiegeshwa nje wakati wa masika, mvua inashuka na bomba, inapita kwenye valvu iliyokuwa wazi, inaingia silinda, inachuruzika mpaka kwenye oili. Kuna watu wamefungua injini nzima kwa ajili ya mvua. Kopo tupu la maziwa ya unga juu ya bomba linatosha.

Na ukishuku maji yamelala juu ya pistoni, usilazimishe stata. Maji hayabanwi. Pistoni ikipanda ikayakuta, kinachopinda ni koneti, mkono unaoishika pistoni. Toa kwanza nozeli zinazopuliza dizeli ndani ya silinda, zungusha, yaruke nje.

Tumerudi kwenye hewa ya mlipuko. Kipimo chake hakihitaji mashine. Injini ikiwa ya baridi kabisa, toa mkanda wa feni ili pampu isikoroge maji, fungua kifuniko, jaza mpaka juu kabisa, washa, mwingine akanyage kidogo. Usizidishe dakika moja, maana maji hayazunguki. Maji yaliyotulia ni habari njema. Vipovu vinavyotoka mfululizo kama sufuria ya uji maana yake presha ya silinda imepata njia kwenye gasketi, au hedi ina ufa. Ukitaka kujua ni silinda ipi, legeza nati za paipu za nozeli moja moja uone vipovu vinapungua ukifika ipi.

Aina ya injini nayo inabadilisha mawazo. Kwenye Perkins kama yangu, laina za silinda, yaani bomba za chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka, ni kavu: zimebanwa ndani ya bloku na haziguswi na maji, kwa hiyo vipovu vinakuelekeza juu, kwenye gasketi na hedi. John Deere nyingi zina laina za maji, zinazooga moja kwa moja, na chini zinashikiliwa na pete za mpira. Pete zikifa, maji yanaingia kwenye oili bila gasketi kuwa na kosa. Laina zenyewe hutobolewa na mtetemo: ukuta ukitetemeka kwa mlipuko, vipovu vidogo vinapasuka kwenye chuma mamilioni ya mara mpaka panatokea vitundu kama vya sindano. Ford 6600 haina laina kabisa, silinda zimechongwa kwenye bloku, na bloku ikitobolewa hivyo dawa ni kuitanua na kuvisha laina. Kulanti, yale maji maalumu ya rejeta yenye dawa ya kuzuia kutu, inapunguza sana jambo hili. Maji matupu ya kisima hayapunguzi chochote.

Na hayo maji ya kisima ndiyo yaliyoniua mimi. Huku katikati ya nchi visima vingi ni vya chumvi. Ukijaza lita mbili kila siku na zikatoka kwa mvuke, maji yanaondoka, chumvi na chokaa vinabaki. Siku ya pili unaongeza chumvi nyingine. Dumu la dereva wangu lilikuwa linapaka lipu ndani ya rejeta, raundi kwa raundi, na kadiri njia zilivyoziba ndivyo trekta lilivyochemsha, na kadiri lilivyochemsha ndivyo dumu lilivyohitajika. Kabla yangu mtu alishamwaga humo binzari kuziba mahali palipovuja. Zile dawa za kuziba haziwezi kuchagua. Zinaziba tundu na zinaziba na njia.

Aliyenifungua macho ni fundi mmoja wa rejeta, mzee asiye na haraka. Hakugusa hedi. Aliliacha trekta lipate moto, akalizima, akapitisha kiganja mbele ya rejeta kama mtu anayetafuta pa kutoboa ukuta. Kushoto moto, katikati vuguvugu, kulia baridi kabisa kuanzia juu hadi chini. "Huku hakuna anayepita," akasema. Tukaishusha. Akaziba tundu la chini kwa kiganja, akajaza maji, akaachia. Rejeta nzima inapaswa kumwaga kwa fujo. Ile yetu ilimimina kama birika. Akayeyusha risasi ya kuungia, akatoa tanki la juu, akaanza kupitisha bapa la chuma kwenye kila njia, moja moja, siku nzima. Lundo lililotoka lilikuwa la rangi ya matofali, na ndani yake vipande vya njano.

Hedi tulikuwa tumeshaipeleka kupigwa fesi, yaani kusawazishwa uso wake, kwa sababu iliyochemka mara nyingi hupinda. Weka rula ya chuma iliyonyooka juu yake, mwanga ukipita chini yake, gasketi yoyote utakayoweka itaungua. Fundi wa kwanza hakupima. Na tulikaza boliti kwa spana ya kupimia, kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu.

Kitu kimoja cha haraka kwa aliye shambani sasa hivi mshale ukipanda. Kama maji yapo, usizime papo hapo: toa mzigo, liache lingurume taratibu, feni na pampu ziendelee kulipoza. Ila mshale ukipanda kisha ukaanguka ghafla huku injini inanuka moto, usifurahi. Kipimo kimebaki hewani, hakina maji ya kupima, na sekunde zinazofuata ndizo zinazonokisha injini. Zima. Ngoja nusu saa au zaidi, na usimwage maji ya baridi kwenye chuma kinachowaka. Hedi itapasuka ukiisikia.

Trekta sasa lina mwaka wa pili tangu rejeta izibuliwe. Linapiga haro mchana kutwa na mshale haufiki robo tatu. Maji tunachota ya mvua kutoka kwenye bati la nyumba, na kulanti juu yake. Dereva nilimwonyesha alama, vidole viwili chini ya shingo, nikamweleza kwamba nafasi ile si upungufu. Akaitikia vizuri sana. Juzi nimefika shambani bila taarifa nikamkuta amepanda juu ya tairi la mbele, dumu mkononi, anajaza mpaka mdomoni.